Mashimo Kumi na Manne ya Hail Sidr

Nyie mnaofungua bomba jikoni na maji yakatoka, sikuoneeni kijicho. Nafurahi. Nimefanya kazi chini ya ardhi miaka kumi na mbili ili watu wapate maji, na sitaki mtoto wa mtu yeyote aifanye kazi ile tena. Lakini kila Idi mkija huku kwetu na magari yenu, mnasimama mnauliza: kijiji gani hiki, nyumba kumi na tisa na msikiti mdogo kama chumba cha kulala, nani aliyeona hapa pafaa kukaa? Basi nimekaa naandika. Skuli nilisoma miaka mitatu tu, Unguja, kwa hiyo mkikuta kosa liacheni hapo hapo lilipo.

Kazi yangu ilikuwa falaji. Falaji ni mfereji, lakini unaanzia ndani ya mlima. Wazee walichimba kisima kirefu kule juu mpaka wakayakuta maji, kisha wakatoboa njia chini kwa chini, inateremka kidogo kidogo, na maji yanatembea yenyewe bila mashine mpaka yanatokeza juu karibu na kijiji. Pale yanapotokeza panaitwa sharia. Hapo watu wanateka ya kunywa, chini yake ni msikiti, chini yake wanawake wanakoga, na mwisho mitende. Juu ya njia ile kuna mashimo ya kuteremkia na kutolea udongo. Sisi Hail Sidr tunayo kumi na manne, na historia ya kijiji imo humo humo, maana hakuna aliyeiandika pengine.

La juu kabisa ni Shimo la Mama, ndicho kile kisima. La pili ni Shimo la Mbuzi. Watu wa mwanzo hapa walikuwa ndugu watatu, walitoka upande wa pili wa mlima kwa sababu katika harusi moja waligaiwa shingo ya mbuzi. Wageni wengine wamepewa paja, wao shingo. Wakaondoka usiku ule ule na wake zao. Walipofika kuchimba shimo la pili wakachinja mbuzi wao wenyewe, na ile shingo wakawatupia mbwa. La nne ni Shimo la Subira, kuna jabali pale, baba alianza kulichimba na mwanawe akalimaliza. La sita ni Shimo la Karafuu, liliporomoka kwa mvua, likajengwa upya na mtu wa hapa aliyekuwa na shamba Pemba. La tisa ni Shimo la Bibi Harusi. Msichana alijificha humo siku ya ndoa yake tangu asubuhi mpaka alasiri, akatoka na sharti moja, mume ahamie kwao yeye, na mume akahamia. La kumi na moja halina hadithi, linaitwa Kumi na Moja.

Yote haya nimeambiwa na watu wawili, na wote wawili nitawataja, kwa wema na kwa ubaya. Wa kwanza ni Ami Khalfan, ndugu wa baba yangu. Aliuza duka Tabora ujana wake, akarudi, akawa fundi wa falaji. Mimi na mama yangu tulipovuka bahari kutoka Unguja kuja kwao baba, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ndiye aliyetupokea.

"Saidi, unajua kazi gani?" akaniuliza.

"Kushona viatu, Ami."

"Hapa wengi hawavai." Akaniangalia juu mpaka chini. "Lakini mwembamba. Utaingia."

Hiyo ndiyo shahada yangu.

Siku ya kwanza nilivuta kapu la udongo mpaka juu, nikaliweka ukingoni mwa shimo ili nipumzike, likarudi lote kichwani kwa Ami Khalfan aliyekuwa chini. Kwa hiyo somo la kwanza: udongo umwage mbali, hatua kumi, hata kama mkono umekufa. La pili: kandili iteremke kabla yako. Mwali ukisinzia, hewa imeharibika, usishuke hata kama umeangusha saa ya dhahabu. La tatu: vua viatu, kwa sababu unyayo unaona. Utajua wapi pana matope mapya, na matope mapya maana yake dari imeanza kumwaga. La nne: maji yapime alasiri. Asubuhi wanawake wameteka, watu wametawadha, maji ya asubuhi yanasema uongo. Sisi tulipima pale sharia kwa fimbo ya upongoo wa mtende, imechongwa alama, na maji ya Hail Sidr katika mwaka wa kawaida yalifika alama ya nne.

Nikumbukeni hiyo nne.

Sasa, kuna jambo moja Ami Khalfan alikuwa nalo. Kila tulipokwenda kutengeneza, alibeba chokaa ya udongo wa kuchoma, akawa anaziba nyufa kuanzia shimo la tano kwenda chini. Juu ya la tano hakupitisha hata kofi moja la chokaa. Kule juu alitoa udongo na mizizi tu, basi. Mimi nikiona kuta za juu zinavuja, zimechakaa, aibu tupu. Nikadhani ni ubakhili. Sikumuuliza, naye hakusema.

Baadaye nilikwenda mjini Firq mwaka mzima, kwenye gereji na viwanda vya matofali, nikajifunza simenti. Nikarudi na mwiko wangu mwenyewe, wa chuma, na kichwa kikubwa. Kijiji kilikuwa kinabadilika. Gari la kwanza limeshafika, redio zipo, vijana wameingia kazi za serikali. Na msimamizi wa falaji, tuliyekuwa tukimwita wakili, alikuwa Nasor. Huyu namtaja kwa ubaya. Alikuwa mtu mnene, msafi, anayependa kijiji chake kisichekwe.

Kiangazi kimoja Ami Khalfan akaenda hospitali Ibra kutibiwa jicho. Hazikupita siku mbili, Nasor akaniita.

"Saidi, Ibra watu wanapiga simenti mpaka mabanda ya mbuzi. Sisi tuna nini?"

"Tuna mifuko kumi na minane, umeileta wewe."

"Basi ipige. Anzia juu, kwa Mama."

"Ami Khalfan hapitishi chokaa juu ya shimo la tano."

"Kwa nini?"

"Sijui. Hajasema."

"Bakhili," akasema Nasor. Na mimi, wanangu, nikacheka. Kile kicheko ndicho kosa langu, mwiko ulikuja baadaye.

Maji yalikuwa machache kiangazi kile, nikayazuia kwa mifuko ya mchanga, nikapiga kuta na sakafu kuanzia shimo la kwanza mpaka la tano. Kazi safi. Ilikuwa laini kama bakuli. Nasor alishuka hatua tatu tu kwenye ngazi, akamulika kwa tochi, akasema masha Allah, akapanda.

Mwezi ule ule Hamdun akanunua pampu. Hamdun alikuwa na shamba jipya la majani ya ng'ombe kule juu, akachimba kisima hatua mia na kumi kutoka Shimo la Mama. Nimezipima kwa miguu yangu. Wazee walikataza kisima chochote karibu na Mama, mpaka hatua mia tatu, na kila mtu hapa alilijua hilo kabla ya kujua Alhamdu. Hamdun alikuwa analijua. Nasor alikuwa analijua na akanyamaza, kwa sababu mkewe ni dada yake Hamdun.

Maji yakashuka. Alama ya tatu, ya pili, kisha moja tu. Zamu za kumwagilia mitende zikasimamishwa, maji yote yakawa ya kunywa na ya msikiti. Majani ya mitende yakaanza kugeuka rangi kuanzia chini. Nyumba nne zikahamia Ibra kwa jamaa zao, na waliobaki wakakubaliana barazani kwamba maji yasiporudi kabla ya mitende kuzaa, wanaondoka wote. Kijiji cha wale ndugu watatu kilikuwa kinakwisha, na mbele ya watu Hamdun akanyoosha kidole.

"Mzinjibari ametuzibia maji."

"Pampu yako iko juu ya Mama," nikasema. "Wazee walikataza."

"Wazee hawakuwa na pampu. Wangekuwa nayo wasingekataza."

Watu wakacheka, na kicheko kikikupata wakati ule hakikuachi. Nilikuwa na miaka mingi hapa, nimeoa hapa, nimewatolea udongo kwa kucha zangu, na siku ile nikawa Mzinjibari, mtu wa Unguja, mgeni. Mke wangu alikwenda kuteka maji, wanawake wakampisha, wote, kama anavyopishwa mwenye ndui. Nilikuwa nikilala najiambia neno moja: ni pampu. Lazima iwe pampu.

Mtu wa pili niliyeahidi kumtaja ni Bi Thuraya. Alizaliwa Wete, akaletwa Hail Sidr ameolewa, mjane, shangazi yake Hamdun. Nilikuwa nikenda kwake kuzungumza Kiswahili tu, nitoe kutu ulimini.

"Shikamoo, Bi Thuraya."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kulia au kunywa kahawa?"

"Nimekuja kusema ni pampu."

"Umeona kwa macho?"

"Ikizimwa siku chache tutaona. Lakini Hamdun hazimi."

Akamimina kahawa. "Anaiwashaje?"

"Kwa mpini. Anauzungusha."

Asubuhi yake alipanda kule juu, mwanamke wa umri ule, na mkeka, birika na redio. Akauchukua mpini wa kuwashia, akauweka ndani ya kikapu chake, juu yake akaweka halua. Kisha akatandika mkeka, akaegemea lile gurudumu la injini. Mimi nilikuwa pale na Nasor na watu wengine watano sita, tumekwenda kutazama. Hamdun akaja.

"Shangazi, ondoka hapo, utachafua nguo."

"Miguu inaniuma."

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka ipone."

"Imeanza kuuma lini?"

"Tangu ulete hiki kitu. Kaa, ule halua."

"Mpini uko wapi?"

"Chini ya halua."

Hakutia mkono. Huwezi kuingiza mkono katika kikapu cha shangazi yako mbele za watu, si Hail Sidr. Siku sita Bi Thuraya alikaa pale kutwa, jua likishuka anarudi nyumbani na kikapu chake. Na siku sita, kila alasiri, kijiji kizima kilisimama sharia, Nasor anatia fimbo, mimi nyuma yake nahesabu alama.

Siku ya kwanza, moja. Siku ya pili, moja, na Hamdun akaanza kutabasamu. Siku ya tatu, moja na nusu. Ya nne, mbili. Watu wakaanza kunisalimia. Nilirudi nyumbani siku ile nikala wali sahani mbili. Ya tano, mbili. Ya sita, mbili.

Nilisubiri ya saba peke yangu. Mbili.

Ami Khalfan akarudi siku hiyo, jicho moja limefungwa kitambaa. Alikwishapata habari zote njiani. Hakunigombeza. Akasema, "Twende," tukashuka shimo la tatu, nikamshika mkono kwenye ngazi. Akamulika ile kazi yangu safi.

"Weka sikio," akasema.

"Wapi?"

"Ukutani."

Nikaweka sikio kwenye simenti. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia, ndani, nyuma ya ukuta, mlio mdogo wa maji unaokwenda na kurudi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Yanataka kuingia. Juu ya la tano, Saidi, maji yanaingia kwa ubavuni. Zile kuta hazivuji kwenda nje, zinavuja kuja ndani, ndiyo falaji yenyewe. Chini ya la tano yanapita tu, huko unaziba ili yasitoroke. Wewe umeziba mlango."

"Mbona hukuniambia, Ami? Miaka yote ile."

"Nilidhani unaona."

Basi na yeye namtaja. Nampenda, Mungu amrehemu, alinipa mkate wangu, lakini mafundi wa zamani walikuwa na tabia ile, wanakuonyesha na hawakwambii, kisha wanashangaa kwa nini hujajua. Mkipata mtu wa kumfundisha kazi, mwambieni kwa nini. Hata akionekana anajua.

Mnadhani nilihuzunika. Nilihuzunika mpaka tulipofika juu kwenye jua. Pale nikahisi kifua kimefunguka. Kwa sababu pampu ya Hamdun mimi nisingeiweza, lakini simenti yangu nilijua kila kofi lake lilipo. Nikaenda barazani nikasema mbele ya wote: alama moja ya Hamdun, mbili zangu. Zangu nakwenda kuzitoa. Na wewe Nasor uliyeniambia anzia juu, njoo ushike kamba.

Alikuja. Hilo nampa.

Hamdun hakukiri. Mpaka leo anasema ilikuwa simenti yote, pampu imesingiziwa. Lakini baada ya zile siku sita hakuna mtu aliyetaka kumuuzia wala kumwazima kitu, na Bi Thuraya alikataa kurudisha mpini mpaka kisima kihamishwe chini ya kijiji. Akakihamisha, akinung'unika kila jiwe.

Nilibomoa siku tatu, kwa tindo na nyundo, nimelala ubavu, kandili kifuani. Mkitaka kujua adabu, bomoeni kazi yenu wenyewe mliyoisifu. Kila kipande kilichotoka, maji yalifuata nyuma yake, kidogo kidogo, kisha kwa nguvu. Hapo pana kosa jingine, liandikeni: ukitoboa ukuta uliozuia maji, anzia chini, yapate pa kutokea. Mimi nilianzia juu kwa sababu mkono ulifika vizuri. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, kati ya shimo la tatu na la nne, bamba zima likasukumwa na maji, likaniangukia mguu wa kushoto, na dari kidogo juu yake. Kandili ikazimika. Maji yakanifika kifuani, baridi, na yanapanda.

Nikapiga kelele. Ami Khalfan alikuwa juu ya shimo la nne, hawezi kushuka peke yake na jicho lile. Nikamsikia anawaita watu kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla. Wakashuka wanne, wale wale waliokuwa wakicheka barazani. Nasor juu ameshika kamba, na uzito wake siku ile tuliushukuru. Hamdun alikuwapo pia, ukingoni, anatoa ushauri.

"Mvuteni mabega," anasema. "Mabega."

"Nimenasa mguu," nikasema kutoka chini. "Mabega yangu hayana shida."

Mtu mmoja pale gizani akaanza kucheka, kisha na wengine, na wanacheka huku wananyanyua bamba, na mimi nacheka na kulia. Mguu ukatoka umevunjika mara mbili. Ndio huu mnaouona, ulionistaafisha kabla ya wakati. Nasikia siku hizi lile shimo la nne baadhi ya watu wamelibadilisha jina, wanaliita Shimo la Saidi. Sijawaomba. Subira ilikuwa nzuri zaidi.

Walinilaza juu ya mlango wa nyumba ya Bi Thuraya, waliung'oa haraka wakapanda nao, wakanibeba wanne kuteremka kijijini ambako gari la kunipeleka Ibra lilikuwa linangoja. Njia inapita kando ya sharia na bustani ya mitende. Na tulipofika pale, maji yalikuwa yameshatangulia. Mfereji umejaa, yamebeba majani makavu na vumbi la miezi mitatu, na Nasor akakimbia, mtu yule mnene, akachomeka fimbo pale pale bila kungoja alasiri. Akainyanyua. Nne, na unyevu kidogo juu ya nne.

Watu wakaipokezana ile fimbo, kila mmoja aione alama mwenyewe.

Kisha mmoja wa walionibeba akauliza, "Zamu ilisimama kwa nani?"

Lazima mfahamu, maji hapa yamegawanywa kwa zamu tangu siku za wale ndugu watatu. Kila nyumba ina nusu saa zake, mchana zinapimwa kwa kivuli cha mti uliosimamishwa chini. Zamu zilikuwa zimekatwa katikati maji yalipokwisha, na hakuna aliyejua zimekatwa wapi.

"Kwa msikiti," akasema Nasor.

"Msikiti ulimaliza. Ilikuwa yangu," akasema Hamdun.

"Yako gani, wewe si una pampu?" akasema Bi Thuraya. "Mimi nilibaki na nusu ya nusu. Nilikuwa nimesimama hapa na jembe mkononi, mitende miwili haijapata."

"Shangazi, hiyo ilikuwa wiki nyingine."

"Lete wiki yako hapa tuipime."

Wale walionibeba nao wana mitende. Mmoja akageuka kusema lake, mlango ukainama, nikateleza kidogo. Wakaniweka chini, taratibu, kwenye kivuli cha ukuta. Kila mtu anazungumza, mwengine anatafuta mti wa kupimia kivuli, mwengine ameshavua viatu ameingia majini na jembe. Dereva anapiga honi, hakuna anayemsikia. Mguu unaniuma mpaka kwenye meno. Mke wangu akaja akapiga magoti, anataka kuwapigia kelele wanibebe, nikamshika mkono.

"Waache kwanza," nikamwambia. "Waache wagombane."